Tanga Haimo Ndani ya Tanganyika

Ukikulia mkoa wa Tanga, iwe Lushoto, Handeni, Muheza au hapa kwetu Manundu, Korogwe, kuna somo moja la historia utakalofundishwa na watu ambao hawajawahi kushika chaki. Utalisikia kijiweni kwenye kahawa, utalisikia ndani ya basi, utalisikia harusini pale mjomba mmoja akishakabidhiwa kipaza sauti. Somo lenyewe ni fupi: nchi hii iliitwa Tanganyika kwa sababu ya Tanga. Tanga ni mji wa bandari, nyika ni pori lililoko mgongoni mwake. Unganisha, umepata nchi. Kwa hiyo, bwana, Watanzania bara wengine wote ni wageni wetu.

Ni somo tamu na mi nalipenda kama ninavyozipenda hadithi za sungura. Lakini siliamini, na sababu zangu ziko kwenye jambo ambalo sisi wapenda vitabu huwa tunalipita haraka, nalo ni jinsi maneno yanavyotamkwa. Macho yanaona T-a-n-g-a mwanzoni mwa Tanganyika na kuridhika. Masikio yakiulizwa, yana maneno mengine.

Tuanze na tarehe, maana hata peke yake zinatia wasiwasi. Kabla ya 1920 hapakuwa na nchi iliyoitwa Tanganyika. Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, waliita koloni lao Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Tanganyika lilikuwa jina la ziwa tu. Waingereza walipoinyakua nchi katika Vita Kuu ya Kwanza wakajikuta na koloni lisilo na jina. Maofisa wa London wakaanza kutafuta. Yalipendekezwa majina ambayo leo yanachekesha: Smutsland, kwa heshima ya jenerali wa Afrika Kusini; Windsorland, kwa heshima ya ukoo wa mfalme; New Maryland; na lile la kale, Azania. Hebu fikiria wimbo wa taifa wa Smutsland. Mwishowe wakachukua jina la ziwa, na ziwa lenyewe liko mwisho kabisa wa magharibi, kilomita elfu moja na ushee kutoka Tanga.

Mtetezi wa somo la kijiweni hakati tamaa hapo. Atakwambia: sawa, nchi ilichukua jina la ziwa, lakini ziwa lilibatizwa na watu wa misafara kutoka pwani, na watu wa pwani ndio sisi. Hoja nzuri. Bahati yetu ni kwamba mtu aliyelieneza jina la Tanganyika Ulaya alikuwa ameshafika Tanga kabla ya kufika ziwani. Richard Burton na mwenzake John Speke walitua Tanga mwanzoni mwa 1857, wakashuka hadi Pangani, kisha wakapanda na mto huu huu unaopita Korogwe mpaka Vuga, kwenye makao ya Kimweri, mfalme wa Usambara. Mwaka uliofuata, Februari 1858, wakafika Ujiji wakaliona ziwa. Burton alikuwa na tabia nyingi mbaya, ila kwa majina alikuwa kama mbwa wa kunusa: kila jina lazima alichimbe maana yake. Tanga alishaijua, nyika alishaipita kwa miguu. Lakini alipofika kwenye jina la ziwa hakusema Tanga wala nyika. Aliandika kwamba limetokana na kitenzi, kutanganyika, yaani kukutana, kuungana, mahali maji yanapokutana.

Kutanganyika. Msomaji wa Dar anaweza kudhani Burton alilitunga. Mtu wa Mombasa au Lamu hatashangaa hata kidogo, kwa sababu kaskazini mwa pwani yetu pale sisi tunaposema ch, wao husema t. Mchele wetu ni mtele wao. Kucheka ni kuteka, mchanga ni mtanga. Na kuchanganya ni kutanganya. Kwa hiyo kutanganyika ni kuchanganyika, basi, neno la kila siku la mtu anayetia maji kwenye unga. Ukilisikia hivyo, kipande cha "Tanga" kinayeyuka. Hakuna mji hapo wala hakuna nyika. Kuna shina moja la kitenzi, tanganya, na mnyambuliko wake.

Simaanishi kwamba Burton ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ziwa. Kuna watu wa mwambao wa ziwa wenye maelezo yao, na Stanley naye alikuja na yake. Ninachosema ni kwamba shahidi aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wote ya kuziunganisha Tanga na Tanganyika, mtu aliyezitembelea zote ndani ya miezi kumi na minne, hakuziunganisha.

Sasa tuje kwenye masikio yenyewe. Jina la mji wetu lina silabi mbili: Ta-nga. Sio Tan-ga. Katika Kiswahili hiyo n haikai peke yake ikisubiri g, zinatoka pamoja kama mtu na kivuli chake. Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma kwa silabi anajua: nga, nge, ngi, ngo, ngu. Mkazo uko kwenye Ta, kwa sababu Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Sema Tanganyika na mkazo unakimbia mpaka kwenye nyi. Ile Ta ya mwanzo inabaki imenyamaa. Kwa sikio, majina haya mawili hayaanzi kwa namna moja.

Na ukitaka kuona jinsi macho yanavyodanganya, angalia Tanzania. Tunaambiwa toka shuleni kwamba jina hili, lililotangazwa Oktoba 1964, miezi sita baada ya Muungano, lina Tan ya Tanganyika na Zan ya Zanzibar. Kwenye karatasi ni kweli. Mdomoni tunasema Ta-nza-ni-a. Ile n imehama, imeenda kushikana na z. Na n yenyewe si ile ile: kwenye Tanga sauti inatokea nyuma, karibu na koo, kwenye Tanzania ncha ya ulimi iko nyuma ya meno. Kwa hiyo hata kama Tanga ingekuwa ndani ya Tanganyika, kilichovuka kuingia Tanzania ni Ta tu. Silabi moja! Mjomba wa harusini ajue anapigania kitu kidogo kiasi gani.

Kuna ng nyingine, ile yenye ritifaa, ya ng'ombe na ng'ambo. Hapo ndipo wageni wanapojikwaa. Mwingereza anayeliona neno Tanga kwa mara ya kwanza ana njia mbili mbele yake, kwa sababu lugha yake inaandika finger na singer kwa herufi zile zile na kuzitamka mbalimbali. Akifuata njia ya singer, anasema Tang'a, na sisi tunacheka. Lakini tusimcheke sana. Kabla ya herufi za Kirumi, Kiswahili cha mwambao huu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina ng wala ng'. Waandishi wengi walitumia ghaini kwa zote mbili, na kwa g pia. Aliyesoma utenzi ulioandikwa Tanga wakati wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, yule aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, alitakiwa kuujua mji kabla ya kulisoma jina lake. Herufi zilikuwa za kumkumbusha anayejua. Asiyejua hazikumsaidia.

Tofauti ya ng na ng' si ya walimu wa sarufi tu, inatusaidia kwenye historia. Kusini kidogo ya jiji, karibu na magofu ya Tongoni, palikuwa na mji wa kale ulioitwa Mtang'ata. Wareno waliujua: ni jirani na hapo ambapo Vasco da Gama, mwanzoni mwa 1499, aliichoma moto meli yake São Rafael kwa kuwa hakuwa tena na mabaharia wa kutosha kuiendesha. Lahaja ya Kiswahili ya upande huo inaitwa Kimtang'ata, na mwanaisimu W. H. Whiteley aliiandikia kitabu mwaka 1956. Wapo wanaosoma "Mtangata" kwenye vitabu vya Kiingereza, bila ritifaa, wakashangilia: hii hapa Tanga ya miaka mia tano iliyopita! Waende Tongoni wakalisikie. Ni ng' ya ng'ombe. Mtang'ata ni Mtang'ata.

Basi Tanga yenyewe ni nini? Jibu la kwanza analolitoa kila Mswahili ni tanga la jahazi, kile kitambaa kinachotwekwa kwenye foromali ili upepo ufanye kazi. Wengine husimulia kwamba jina lina asili ya Kiajemi, na maana wanazotaja ni nyingi mno kwa neno moja: bonde la kijani, shamba la kando ya njia, na kadhalika. Kiajemi nakichukulia kwa tahadhari. Ni kweli kwamba tang kwa Kiajemi ni kitu chembamba, na tange ni mlangobahari, na ghuba ya Tanga ukiitazama kwenye ramani ina mdomo uliobanwa na visiwa na rasi. Inavutia. Lakini pwani yetu ina mapenzi ya zamani na Shirazi, na kila mji uliotaka heshima ulijitafutia babu kutoka huko. Neno linapokuwa na maana timamu ndani ya lugha ya wenyeji, ya kitu kilichokuwa kikionekana bandarini kila siku ya kaskazi na kila siku ya kusi, sioni haja ya kwenda kulikopa ng'ambo.

Hapo mwanafunzi mkorofi wa Kimvita anaweza kuniuliza: kama mtanga ni mchanga, kwa nini Tanga isiwe ya mchanga? Kwa sababu mji hauko Mombasa. Jirani zake wa bara, Wabondei, Wazigua na Wasambaa, hawana hiyo t ya kaskazini kwenye neno la mchanga, nao ndio walioukaribia mji huu pamoja na Wadigo na Wasegeju.

Ila tanga lina ukoo mpana, na mwandishi yeyote atajaribiwa kucheza nao. Kutanga ni kuzurura, ndiyo tangatanga. Matanga ni nyanda za jahazi zaidi ya moja, na matanga ni siku za msiba, watu wakilala kwenye mikeka nyumbani kwa marehemu. Ndani ya ghuba kuna kisiwa chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale ambacho Wajerumani walikiita Toten, kwa lugha yao wafu, na mpaka leo ramani zinasema Toten. Kisiwa cha wafu mbele ya mji wa Tanga: mwandishi wa riwaya angelipwa ziada kwa ubunifu huo. Mi nauacha hapo hapo. Sarufi nayo imeweka ukuta wake: tanga la jahazi limepasuka, Tanga imekua. Hakuna anayesema Tanga limekua.

(Na tahadhari kwa vijana: ukiandika Tanga kwenye mtandao bila kuongeza neno Tanzania, unaweza kuletewa chupi. Lile ni neno la Kireno, asili yake Kimbundu cha Angola, ambako lilikuwa kitambaa cha kujifunga kiunoni. Lilivuka Atlantiki na kuishia ufukweni Brazil. Kitambaa kwa kitambaa, lakini si jamaa zetu.)

Kitu kimoja cha ajabu kuhusu jina hili ni kwamba halikuwahi kubadilishwa. Bandari huwa zinabatizwa na kila anayefika. Đà Nẵng ya Vietnam Wafaransa waliiita Tourane kwa miongo, mpaka walipoondoka. Hapa kwetu Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari. Wajerumani walipokuja Tanga waliipiga kwa mizinga ya manowari Septemba 1888, katika vurugu zile zilizoanzia Pangani na kumfanya Abushiri bin Salim awindwe mpaka kunyongwa Desemba 1889. Wakajenga boma, wakajenga shule, wakapanga mitaa, na jina wakaliacha. Lilikuwa fupi, na herufi tano zile zile ziliingia kwenye Kijerumani na baadaye Kiingereza bila kuongezewa wala kupunguzwa kitu. Pengine ndiyo sababu. Jina linaloandikika kirahisi halimsumbui karani.

Badala ya kubadilishwa, likatanuka. Hapa ndipo penye uzito wa hadithi hii kwetu sisi wa bara. Kabla ya Wajerumani, mtu wa Korogwe aliyekuwa na meno ya tembo au tumbaku ya kuuza alifuata mto, na mto unaishia Pangani. Pangani ndiyo ilikuwa bandari ya misafara ya kuelekea Kilimanjaro na Umasaini. Kama ingeendelea hivyo, leo tungekuwa mkoa wa Pangani na mimi ningekuwa ninaandika makala nyingine. Lakini meli za mvuke zilitaka ghuba yenye kina na kificho, na mdomo wa mto Pangani una fungu la mchanga. Reli ikaanzia Tanga. Ujenzi ulianza 1893, ukafika Muheza 1896, kisha ukasuasua miaka kwa kukosa fedha, ukafika Korogwe 1902, na Moshi 1911. Reli ya upana wa mita moja, haina maringo yoyote, lakini iliukata mto. Mzigo ulioteremka na maji kuelekea Pangani ukageuzwa kwenda na mataruma kuelekea Tanga, na Pangani ikabaki na milango yake mizuri ya kuchonga na usingizi wake.

Mwaka ule ule wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoagiza miche ya mkonge kutoka Florida, kupitia Hamburg. Husimuliwa kwamba kati ya miche elfu moja, sitini na miwili tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Angalia kejeli yake: mkonge ulizaliwa Pangani, ukaitajirisha Tanga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, nyingi zikitoka mashamba yaliyofuata njia hii ya reli, na kila robota lilikuwa na safari moja tu, Tanga.

Reli hiyo ndiyo iliyoamua pia vita ambayo kwayo Waingereza wa umri fulani wanaijua Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Fox ilikuja kudai mji ujisalimishe. Nyuma yake kulikuwa na askari wapatao 8,000 waliotoka India chini ya Jenerali Aitken. Paul von Lettow-Vorbeck aliwateremsha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, wakapita hapa Korogwe usiku na mchana, jumla yao elfu moja hivi. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wamerudi melini, mamia wamekufa, wameacha ufuoni bunduki, bombomu na risasi kwa mamia ya maelfu. Nyuki nao waliingia vitani, wakiwauma wa pande zote mbili, na vitabu vya Kiingereza vinavipenda hivyo vita vya nyuki kuliko kingine chochote. William Boyd ameviweka kwenye riwaya yake ya 1982, An Ice-Cream War. Askari wa Kiafrika waliopigana, wengi wao hawamo kwa majina kwenye vitabu hivyo. Nyuki wamo.

Nimesema Wajerumani walijenga shule. Wapenda maandishi tungepaswa kulitaja jengo hilo kabla ya bandari. Ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, shule ya serikali isiyokuwa ya misheni, na ilifundisha kwa Kiswahili. Vijana waliotoka pale wakawa makarani, walimu na maakida, wakatawanywa mpaka sehemu za bara ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya wapita njia tu. Kwenye mtambo wa shule hiyo, miaka ya mwanzo ya 1900, likaanza kuchapwa gazeti la Kiongozi, habari na mashairi, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, likasomwa mbali na Tanga. Kijana wa 1909, Shaaban Robert, alizaliwa Vibambani, kusini kidogo ya mji, katika mwambao ambao tayari ulikuwa umezoea kuona Kiswahili kwenye karatasi ya serikali na kwenye karatasi ya mashairi pia. Kazi ya ukarani aliifanya Pangani, kwenye ushuru wa forodha, na kwingineko. Akafariki Tanga 1962, miezi michache baada ya uhuru.

Nikiulizwa kijiweni Tanga iliipa Tanganyika kitu gani, hayo ndiyo ningeyataja. Karani anayeandika "Bwana Mkubwa, salaam" mahali fulani Tabora, kwa mwandiko aliofundishwa Tanga, ni mchango mkubwa kuliko silabi mbili mwanzoni mwa jina. Lakini ni mchango usiotoshea kwenye kipaza sauti cha harusi, ndiyo shida yake.

Ukiwa Dar na ukaulizwa unatoka wapi, ukisema Korogwe wengine wanakuelewa, ukisema Manundu hawakuelewi, ukisema Tanga wote wanaguna na kuanza utani: waja leo, waondoka leo; mahaba; mambo ya waganga. Basi unakuwa mtu wa Tanga. Unabeba sifa ya pwani na hujawahi kutweka tanga maishani. Mzigua wa Handeni ambaye ardhi yake ni nyika hasa, kavu, ya mahindi na mbuzi, naye anabeba nazi asizozipanda. Jina la bandari lilikuwa la jimbo wakati wa Waingereza, likawa la mkoa baada ya uhuru, na 2005 mji ukapandishwa kuwa jiji, na sisi wa mbali tukaendelea kulivaa. Lakini rudi nyumbani, usimame stendi ya Korogwe, useme "nakwenda Tanga." Hakuna atakayekujibu "mbona uko Tanga?" Wote wanajua una kilomita mia moja hivi mbele yako, Segera kwanza, halafu kulia... hapana, kushoto kwenye njia panda, Muheza, kisha harufu ya bahari. Ndani ya mkoa Tanga ni mji. Nje ya mkoa Tanga ni sisi. Hatuhitaji kuelezwa tofauti, tunaisikia kwenye sentensi.

Na sasa jina linarudi kwenye midomo ya wageni. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kaskazini kidogo ya jiji. Wahandisi, madalali na watangazaji wa redio za nje wanalitamka wanavyoweza. Nimeshamsikia mmoja akisema Tang'a, na mwingine Tanja. Litazoeleka.

Nimalizie na watu ambao mjomba wa harusini hajawahi kuwataja. Mashamba ya mkonge yanayoizunguka Korogwe yalijazwa na manamba, vibarua walioandikishwa mbali na kusafirishwa kwa mkataba. Walitoka kusini, walitoka Unyamwezi, na wengi sana walitoka Buha, Kigoma, kule kwenye ziwa lenyewe. Kwao "kwenda Tanga" hakukuwa na maana ya mji wala ya bahari, bandari wengi hawakuiona kamwe. Tanga ilikuwa mkonge, namba na posho. Baadhi walirudi na baiskeli, wengine hawakurudi. Wajukuu wao ni jirani zangu hapa Manundu. Majina yao ya ukoo ni ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kiswahili chao ni hiki hiki chetu, na ukiwakuta Dar ukawauliza wanatoka wapi, watakwambia Tanga, na wataitamka sawasawa.